Mke wangu alikuwa msuka mikeka. Msibani kasifiwa kila kitu isipokuwa akili yake

Karani Mstaafu (mleta uzi)

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote humu ndani.

Mke wangu alitutoka kabla ya Ramadhani. Waliokuja kutupa pole walikuwa wengi, Mungu awalipe, na kila aliyefungua mdomo alimtaja kwa wema. Alikuwa mpole. Alikuwa na subira. Pilau lake halikuwa na mfano. Hakuwahi kugombana na jirani. Yote ni kweli isipokuwa hilo la jirani, na jirani mwenyewe alikuwapo, akainamisha kichwa. Wakati wanayasema hayo walikuwa wamekaa juu ya mikeka aliyoisuka yeye, kuanzia ukumbini mpaka uani, na sikumwona hata mmoja aliyetazama chini.

Basi hapa nataka kuandika lile lililoachwa. Sisi ni watu wa Pemba, upande wa kaskazini. Kijiji sikitaji kwa kuwa watoto hawataki. Mimi nilikuwa karani wa kituo cha kununulia karafuu mpaka nikastaafu. Yeye, kwenye kila fomu iliyoingia nyumbani kwetu, aliandikwa "mama wa nyumbani". Nakumbuka karani wa sensa akiyaandika maneno hayo huku mwenye kuandikwa amekaa mbele yake, ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, uko mkononi, na mkono haukusimama hata alipokuwa akijibu maswali.

Nitaandika kwa vipande. Vidole vyangu vimezoea kalamu, simu inanichosha.

Mdigo wa Duga

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana mzee wangu. Mimi nimekaa mkekani kabisa, endelea.

Kinyerezi Mwisho

Pole mzee. Weka na picha basi.

Karani Mstaafu

Picha hapana. Maneno yatatosha, Inshallah.

Nianze na majamvi, maana ndiyo yaliyotulisha. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi zimekuwa za Pemba. Karafuu ukishaichuma na kuichambua makonyo, vile vijiti vyake, lazima uianike, na palipo na kuanika pana jamvi. Kuna watu wanaanika juu ya lami au sakafu ya saruji, na nimewakatalia mizigo yao mara nyingi mezani pangu, imejaa mchanga na imeungua upande mmoja. Jamvi la miyaa linapitisha hewa chini. Jua likiwa kali, siku tatu nne karafuu imekauka, ukiivunja inalia.

Shida ni mvua. Msimu wetu mkubwa unaangukia vuli, na wingu la vuli halibishi hodi. Majamvi ya zamani yalikuwa bapa tu. Mvua ikitokea watu wanakimbia na mafagio na mapakacha kuzoa, na nusu ya mzigo unalowa. Mke wangu, tukiwa bado vijana, alianza kushona vitanzi vya kamba pembe nne za jamvi na vingine viwili ubavuni. Ukivuta vya pembeni, karafuu zote zinakusanyika katikati, watoto wawili wanabeba jamvi kama machela mpaka ukumbini. Alifanya hivyo kwa sababu mimi nilikuwa kituoni mchana kutwa na yeye alikuwa na watoto wadogo, hana mtu wa kumsaidia kuzoa. Msimu uliofuata nilianza kuona vitanzi kwenye majamvi ya watu wengine. Hakuna aliyemwuliza na yeye hakudai. Nilipomwambia "wanakuiga", alisema, "Waige vizuri basi. Vile vya mkewe fulani vitakatika." Na vilikatika.

Hiyo msibani ingeitwa subira. Mimi naiita hesabu. Aliona tatizo, akalitazama upande wa pili, akalimaliza kwa kamba ya nazi.

Batinah

Babu, nakuandikia kutoka Oman. Nyumbani kwetu ni Wete, huko huko Pemba, nimeondoka nikiwa msichana. Nina msala wa ukindu alionipa mama siku ya kusafiri, nauswalia mpaka leo na umeanza kumeguka kingo. Huku nako wanawake wazee wanasuka majani ya mtende, vikapu na vipepeo vya kujipepea, lakini wakiuona msala wangu wanaugeuza nyuma kutafuta ulipoungwa. Pole sana babu. Naomba utueleze ukili unavyofanywa, mimi niliondoka kabla sijafundishwa.

Karani Mstaafu

Bi Batinah, ahsante. Hapo ndipo hasa nilipotaka kufika.

Majamvi ni miyaa ya mkoma, ni kazi ngumu na ya haraka. Mikeka mizuri na misala ni ukindu, unatoka kwenye mkindu unaoota mabondeni penye maji. Unakata lile jani changa la katikati, ambalo bado halijafumbuka. Ukiwa mchoyo ukakata kila linapochipua, mti unadhoofika, na mke wangu alikuwa na mikindu yake anayoijua mmoja mmoja, huu wa mwezi huu, ule wa mwezi ujao. Ukindu unachemshwa, unaanikwa mpaka uwe mweupe, kisha unachanwa chane nyembamba kwa ukucha. Chane zikipishana upana, kazi imeshaharibika kabla hujaianza. Zinazotiwa rangi zinarudi jikoni. Wakati wa kusuka unazilowesha kidogo zisikatike.

Hayo kila msukaji wa pwani anayajua. Sasa sikiliza hili.

Mkeka hausukwi mzima mzima. Unasuka kwanza ukili, utepe wa upana wa vidole viwili vitatu, urefu wake pima na pima, unaviringisha kadiri unavyokwenda. Baadaye ndipo unaulaza ubavu kwa ubavu na kuushona mpaka uwe mkeka. Kwa hiyo lile ua unaloliona kwenye mkeka uliokwisha, wakati wa kusuka halikuwapo. Kulikuwa na utepe tu, una doa jekundu hapa, jeusi mbele huko, kisha weupe mtupu dhiraa nzima. Msukaji ndiye anayejua kwamba doa hili, mistari mitatu baadaye, litalala jirani na lile, na yakikutana yatakuwa pembe ya ua. Akikosea upana wa kidole mwanzoni, mwisho wa mkeka ua limepinda. Na ukindu ukikauka unajikaza kidogo, hilo nalo uwe umelitia hesabuni.

Mimi nilikuwa na daftari, mizani na kikokotoo, na bado jioni hesabu zangu za pishi, kile kipimo cha karafuu, zilikuwa zinagoma. Yeye aliubeba mkeka mzima kichwani wiki nyingi, huku anapika, ananyonyesha, anaamua ugomvi wa watoto, na anajua yuko ua la ngapi. Hakuchora popote. Nilimwuliza anafanyaje. Akaniambia, "Nauona umeshatandikwa, naufuata." Akaendelea kuchambua mchele.

Kinyerezi Mwisho

Mzee wangu, usinichukie, lakini kila bibi wa pwani anasuka mikeka. Nakubali alikuwa fundi mzuri. Ila "akili", "ubunifu", si unamkuza kwa sababu umempenda? Maua yenyewe ni yale yale tangu enzi.

Mdigo wa Duga

Wewe Kinyerezi, kwenye msiba wa watu?

Karani Mstaafu

Mwacheni, kauliza vizuri kuliko waliokuja kwangu na kula.

Ni kweli maua mengi yamerithiwa. Mama yake alikuwa nayo na mama wa mama yake. Aliyajua yote, na ya urithi alipoyasuka hakuyagusa. Lakini alikuwa na yake pia, na aliyapa majina.

Moja aliliita Kanzu ya Sheha. Mistari myembamba myeupe na ya rangi ya maziwa, inanyooka vizuri kabisa mpaka karibu na pindo, hapo ghafla kuna doa dogo la kahawia upande mmoja. Sheha wetu wa wakati ule, yaani kiongozi wa serikali pale kijijini, alikuwa akivaa kanzu safi na kila mara ina tone la kahawa pale pale kifuani. Mkeka huo ulikaa barazani kwetu na sheha aliukalia miaka. Alipouliza kwa nini una kasoro, mke wangu akamwambia, "Hiyo si kasoro, ni ukumbusho." Mimi nilitoka nje.

Jingine ni Waya wa Tanga. Wa Pemba mnakumbuka, kabla ya 2010 umeme wetu ulikuwa wa majenereta, unakuja na kuondoka unavyotaka. Mwaka huo ukafika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Watu walipiga vigelegele. Yeye alisuka mkeka wenye maua ya kawaida, mekundu na ya kijani, ila chini ya maua yote unapita mstari mmoja wa buluu kutoka pindo hadi pindo, haukatiki. Pale unapokutana na ua, unapita chini yake na kutokea upande wa pili. Kwa ukili, kama nilivyoeleza, mstari wa aina hiyo unaokwenda kinyume cha shono ni balaa, maana kila ukili unauchangia kipande kidogo tu na vipande vyote lazima vikutane. Aliufumua mara kadhaa. Wasukaji wawili wa kijiji cha jirani walikuja kuutazama wakaondoka bila kusema neno, na kwa wasukaji hiyo ndiyo sifa.

Mikeka ya plastiki ilipoingia madukani ikawa rahisi na inaoshwa kwa maji, wenzake wengi waliacha. Yeye alinunua mmoja wenye mawaridi makubwa, akautundika ukutani akautazama siku nyingi. Nikadhani kaupenda. Kumbe anausoma. Akausuka ule ule kwa ukindu, waridi kwa waridi, kisha akasema mashine imepanga vibaya majani ya kushoto, akayasuka upya kwa namna yake. Ule wa plastiki tukautandika bandani kwa kuku.

Kinyerezi, hayo ndiyo ninayoyaita akili. Kukuza sijakuza, na kupenda nimependa.

Kinyerezi Mwisho

Mzee, nimekubali. Hiyo ya sheha imeniua.

Mwana wa Pate

Mzee wetu pole. Huku kwetu kisiwani nako mikeka inatandikwa bado harusini. Naomba kuuliza, rangi nyeusi alikuwa anapata wapi? Sisi ya dukani inageuka zambarau.

Karani Mstaafu

Mama yake alitumia mizizi ya mdaa, na yeye aliendelea na mdaa kwa nyeusi hata nyingine zote alipokuwa ananunua rangi za unga. Alikuwa akisema vivyo hivyo, nyeusi ya dukani ikipigwa jua inajutia. Manjano wakati mwingine alitia bizari, lakini hiyo haikai.

Bint Karani

Salaam kwenu nyote. Mimi ni binti yake wa pili, na kaka yangu ndiye aliyeniambia baba yuko humu anaandika. Baba, shikamoo. Uzi mzuri lakini unamwandika mama kama profesa. Alikuwa mkali pia, sema.

Alitufundisha kuhesabu kwa chane. Ukikosea anafumua shibiri nzima mbele ya macho yako, haongei, anakurudishia uanze. Nimelia sana juu ya ukili. Kaka zangu nao walisuka, wasijifanye. Wakubwa leo, mmoja ana duka Darajani, mjini Unguja, lakini majamvi ya karafuu walisuka na kushona vitanzi. Alikuwa hataki kusikia kwamba ni kazi ya wanawake msimu unapobisha hodi.

Na kuimba. Baba hukuandika kwamba alikuwa haimbi vizuri. Alikuwa na nyimbo za kutunga mwenyewe kwa ajili ya mpangilio, anahesabu kwa wimbo, "mbili zende, moja irudi, nyeusi ikae kitako". Sauti mbovu, Mungu amrehemu. Tukiwa wakubwa tukagundua kwamba kila ua lina wimbo wake, na ukiujua wimbo unaweza kulisuka. Mimi nazijua nne. Waya wa Tanga hakunifundisha, alisema wimbo wake ni mrefu na mimi sina pumzi.

Kila mtoto alisukiwa kimkeka chake cha kulalia kabla hajazaliwa. Changu kina kosa katikati. Nilimwuliza kwa nini hakulifumua kama anavyofumua yetu. Alisema uchungu ulianza pale.

Batinah

Jamani. Nipo kazini huku machozi yananitoka.

Karani Mstaafu

Shikamoo nimeipokea. Binti yangu kasema kweli, sauti ilikuwa ya kutisha paka.

Niwaeleze miaka ya mwisho, kisha niache. Alipata sukari, na sukari ikapanda machoni. Kwanza alisogeza mkeka karibu na dirisha, baadaye akawa anakaa uani kwenye jua la asubuhi tu, mwisho jua na kivuli vikawa kwake ni kimoja. Wanetu wakasema apumzike. Daktari naye akasema apumzike. Nilijua hatapumzika.

Alimwita mjukuu wetu, wakapanga rangi. Nyekundu fundo moja mwishoni, kijani mafundo mawili, buluu matatu, nyeupe haina fundo. Nyeusi haikufungwa kitu, alisema inachemshwa sana, inakwaruza kidole, anaijua. Mjukuu alikuwa na miaka ya utundu wake, akabadilisha mafundo siku moja ili bibi amsukie mkeka wa kijani tupu. Bibi alisuka kidogo akanyamaza. Akaupitisha ukili mdomoni, akaulamba. Akasema, "Buluu ya dukani ina uchungu. Hii si buluu." Mtoto akakimbilia kwangu kujificha.

Mikeka ya wakati ule si mizuri kwa macho kama ya mwanzo. Kuna mahali shono limeachia. Lakini ukiipitishia kiganja utaona kitu kingine: alianza kupishanisha chane pana na nyembamba, ua likawa linainuka, unalisikia kwa mkono. Hakuwahi kusuka hivyo alipokuwa anaona. Mimi si mtaalamu wa mambo haya, ila nimeishi na mikeka umri wangu wote na sijaona mahali pengine mkeka wa kusomwa na kiganja. Alikuwa anatafuta bado. Hakuwa akijiliwaza kama walivyokuwa wakisema watu.

Mjukuu huyo huyo ndiye aliyekuwa akijifunga macho kwa ajili yake, anakaa naye na kitambaa usoni ili wawe sawa.

Mdigo wa Duga

Mzee, na sasa mikeka hiyo mnaifanyaje? Msije mkaiacha ikaliwa na panya. Pale Chake Chake kuna makumbusho ndani ya ngome kongwe. Wapelekeeni hata miwili mitatu, watu waione.

Karani Mstaafu

Ndilo tunalozozana. Mwanangu mkubwa anataka itundikwe ukutani, isikanyagwe. Wa Darajani anasema kuna wageni wanaotoa fedha nzuri. Binti anataka itandikwe kama ilivyokuwa. Wengine kijijini wameshaanza kunipangia mke kabla matanga hayajaanuliwa, na mmoja aliuliza kama huyo ajaye atapewa mikeka. Huyo nilimtoa barazani.

Rai yangu ni hii. Makumbusho nimeifikiria, na Waya wa Tanga pengine utakwenda huko, kwa sharti jina lake liandikwe, jina lake kamili na la baba yake, si "kazi za mikono za wanawake wa Pemba". Nimekwisha kwenda sehemu nyingi nikaona vitu vizuri vimeandikwa hivyo. Mtungi una jina la kabila, mlango una jina la tajiri aliyeununua, aliyeutengeneza hayupo. Wakikubali sharti, tutazungumza. Wakikataa, utabaki nyumbani.

Mingine itandikwe. Mkeka wa ukindu usiotandikwa unakauka na kukatika, unataka kufagiwa, kuanikwa, kukaliwa, kumwagiwa chai na kupanguswa. Ile ya mwisho, ya kiganja, naikalia mimi na sitaki majadiliano.

Bint Karani

Baba, ile ya mwisho wewe unaikalia lakini anayeishona ni mimi.

Mwana wa Pate

Samahani kuuliza katika hali hii. Je, kuna uwezekano wa kununua mmoja? Harusi ya dada yangu iko mwezi wa Mfunguo Pili.

Karani Mstaafu

Hakuna samahani. Ya marehemu haiuzwi. Binti yangu anachukua oda, misala na mikeka ya futi nne kwa sita, maua yale manne anayoyaimba. Hayajafika ya mama yake, na hilo analisema yeye kabla hujamwuliza. Anataka nusu ya malipo mbele, na ukimharakisha anakurudishia fedha zako. Kwa Mfunguo Pili sema sasa, maana ukindu wa nyeusi unachemshwa wiki hii na mdaa alionao ni kidogo.